Uloto wa mtu baki: Tumaini na hatari kwa wazee wenye saratani ya damu

Na Mwandishi Wetu

KWA miongo kadhaa, mgonjwa wa saratani ya damu aliyevuka umri wa miaka 55 hakuhesabiwa miongoni mwa wale wanaoweza kupandikizwa uloto. Tiba hiyo, ambayo kwa aina kadhaa za maradhi hayo ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi ya kuyang'oa kabisa, ilionekana kuwa kali mno kwa mwili wa mtu wa makamo, sembuse mzee.

Leo hali imebadilika. Katika hospitali kubwa za Marekani na Ulaya, wagonjwa wenye umri wa miaka 65, 70 na hata zaidi hupandikizwa uloto. Wengi wao huupata kutoka kwa mtu baki, yaani mtu asiye na nasaba nao, wasiyemfahamu, na ambaye pengine anaishi katika nchi nyingine kabisa.

Mabadiliko hayo hayakuja kwa siku moja, wala hayajaiondolea tiba hiyo hatari zake. Kwa mgonjwa mzee na familia yake, uamuzi wa kupandikizwa au kutopandikizwa bado ni miongoni mwa maamuzi mazito kuliko yote katika tiba ya saratani. Makala haya yanaeleza namna tiba hiyo inavyofanya kazi, ilikotoka, na kile ambacho tafiti zimeonyesha hadi sasa.

Uloto na maradhi yake

Uloto, ambao wengine huuita uboho, ni nyama laini iliyomo ndani ya mifupa. Humo ndimo zilimo chembe mama ambazo huzaa aina zote za chembe za damu: nyekundu zinazobeba hewa ya oksijeni, nyeupe zinazoulinda mwili dhidi ya maradhi, na chembe sahani zinazosaidia damu kuganda mtu anapojeruhiwa.

Saratani ya damu, au lukemia, huanza pale chembe moja ndani ya uloto inapoharibika katika vinasaba vyake na kuanza kujizalisha bila mpangilio. Taratibu chembe hizo mbovu huujaza uloto na kuzinyima nafasi chembe nzima. Matokeo yake mgonjwa hupungukiwa damu, huchoka, hushambuliwa na maambukizi mara kwa mara na hutokwa damu kwa urahisi.

Ziko aina nyingi za lukemia. Ile ya myeloidi inayoshika kwa kasi ni ugonjwa wa watu wazima zaidi kuliko watoto. Nchini Marekani, nusu ya wanaogunduliwa kuwa nayo wana umri wa takriban miaka 68 au zaidi. Kwa maneno mengine, tiba iliyowaacha nje watu waliovuka miaka 55 ilikuwa imewaacha nje wagonjwa walio wengi.

Safari ndefu ya tiba

Daktari Mmarekani E. Donnall Thomas ndiye anayetambuliwa kuwa mwasisi wa tiba hiyo. Mwaka 1957 yeye na wenzake walichapisha taarifa ya kwanza kuhusu wagonjwa waliotiwa uloto wa watu wengine kupitia mshipa wa damu. Wagonjwa wale hawakuishi muda mrefu, lakini ilibainika kuwa jambo hilo linawezekana. Baadaye Thomas aliendeleza kazi yake mjini Seattle, katika kituo cha utafiti wa saratani cha Fred Hutchinson, na mwaka 1990 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na daktari wa upasuaji Joseph Murray.

Mwaka 1958, mjini Paris, daktari Georges Mathé aliwatibu wanasayansi wa Yugoslavia waliopatwa na mionzi katika ajali ya kinu cha nyuklia cha Vinča. Watano kati yao walipewa uloto uliotolewa na Wafaransa waliojitolea, watu ambao hawakuwa na undugu wowote nao. Mmoja alifariki dunia na wengine wakapona, ingawa uloto ule mgeni haukudumu miilini mwao.

Mwaka huo huo Mfaransa mwingine, Jean Dausset, aligundua alama za kwanza kati ya zile zinazojulikana leo kwa kifupi kama HLA. Hizo ni protini zilizo juu ya chembe za mwili, na ndizo zinazoiwezesha kinga ya mwili kumtambua mwenyeji na mgeni. Ugunduzi huo, uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1980, ulieleza kwa nini uloto wa mtu mmoja hukubaliwa na mwili wa mwingine na kukataliwa na wa mwingine.

Mwaka 1973, katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York, mtoto wa miaka mitano aliyezaliwa bila kinga ya mwili alipandikizwa uloto wa mtu baki aliyepatikana Denmark. Mwaka uliofuata, mjini London, mama aitwaye Shirley Nolan alianzisha rejista ya kwanza ya watu wanaojitolea kuchangia uloto, akitumaini kumpatia mchangiaji mwanawe Anthony. Mtoto huyo alifariki dunia mwaka 1979 bila kumpata, lakini rejista yenye jina lake inaendelea na kazi hadi leo.

Mwaka huo wa 1979, Laura Graves, msichana wa miaka 10 aliyekuwa na lukemia, alipandikizwa mjini Seattle uloto wa mtu baki. Uloto ulishika vizuri, ingawa ugonjwa wake ulirejea baadaye na kumuua. Baba yake alikuwa miongoni mwa waliopigania kuanzishwa kwa rejista ya taifa ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1986.

Kwa nini wazee waliachwa nje

Katika utaratibu wa awali, mgonjwa alipewa kwanza dawa kali za saratani pamoja na mionzi ya mwili mzima, kwa lengo la kuua kila chembe ya ugonjwa. Dozi hiyo iliuteketeza pia uloto wake wote, hivyo uloto wa mchangiaji ulitiwa ili kuziba pengo.

Mwili wa kijana ungeweza kuustahimili moto huo. Kwa mtu mwenye miaka 60, ambaye moyo, mapafu, ini na figo zake zimekwisha kufanya kazi kwa miongo mingi, tiba yenyewe mara nyingi ilimwua kabla ya saratani. Ndiyo maana madaktari waliweka mpaka wa umri.

Mpaka huo ulianza kubomoka pale watafiti walipoligundua jambo ambalo awali halikutarajiwa: sehemu kubwa ya uponyaji haikutokana na dawa wala mionzi, bali na kinga ya mchangiaji. Chembe nyeupe zinazozaliwa na uloto mgeni huziona chembe za saratani kuwa adui na kuzishambulia. Mwaka 1990, madaktari wa Munich nchini Ujerumani walionyesha kuwa mgonjwa ambaye lukemia yake imerejea baada ya kupandikizwa anaweza kupona tena kwa kuongezewa tu chembe nyeupe za mchangiaji wake.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa msemo huo umetimia kwa maana yake halisi.

Kama ni kinga ya mgeni inayoponya, watafiti walijiuliza, je, kuna haja gani ya kumteketeza mgonjwa kwa mionzi? Je, haitoshi kumpa dawa kidogo, kiasi cha kuizuia kinga yake isimfukuze mgeni, kisha kumwachia mgeni huyo kazi iliyobaki?

Katika miaka ya mwisho ya 1990, makundi matatu yalijibu swali hilo kwa nyakati zinazokaribiana: Houston na Seattle nchini Marekani, na Jerusalem nchini Israel. Mjini Seattle, kundi la daktari Rainer Storb, baada ya majaribio ya muda mrefu kwa mbwa, lilishusha mionzi hadi kipimo cha Gy 2, wakati dozi kamili ya kawaida ilikuwa ikifikia Gy 12. Utaratibu huo mpya ukaitwa upandikizaji wa maandalizi mepesi, na ndio uliowafungulia wazee mlango.

Mtu baki badala ya ndugu

Kwa desturi, mtu wa kwanza kutafutwa ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Kila mtu hurithi nusu ya alama zake za HLA kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama, hivyo kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu na mgonjwa.

Kwa mgonjwa mzee kuna kikwazo cha ziada. Ndugu wa mtu mwenye miaka 68 naye ni mzee. Huenda ana shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo, na pengine hafai kuchangia. Aidha, uloto nao huzeeka. Kadiri miaka inavyosonga, chembe mama hujikusanyia hitilafu za vinasaba, na baadhi ya hitilafu hizo ni zile zile zinazoweza kuanzisha saratani.

Uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa nchini Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa, miongoni mwa waliopokea uloto wa watu baki, kila miaka 10 iliyoongezeka katika umri wa mchangiaji iliambatana na ongezeko la asilimia 5.5 katika hatari ya mgonjwa kufariki dunia. Kwa sababu hiyo vituo vingi humchagua kwanza mchangiaji kijana, pale ambapo alama za HLA zinalingana.

Damu ni nzito kuliko maji, lakini katika tiba hii mtu baki mwenye miaka 25 anaweza kumfaa mzee kuliko ndugu yake wa tumbo moja.

Mchangiaji hufanyiwa nini

Anayetaka kuwa mchangiaji hujiandikisha katika rejista na kutoa kipimo kidogo, ambacho siku hizi kwa kawaida ni ute wa ndani ya shavu unaofutwa kwa kijiti chenye pamba. Alama zake za HLA hupimwa na kuhifadhiwa. Rejista za nchi mbalimbali zimeunganishwa kupitia chama cha kimataifa chenye makao yake Leiden, Uholanzi, na kwa pamoja zina zaidi ya watu milioni 40 waliojitolea. Walio wengi hawataitwa kamwe.

Anayeitwa huchunguzwa afya, kisha hutoa kwa njia moja kati ya mbili. Ya kwanza ni ya zamani: akiwa amelala kwa dawa ya usingizi, madaktari huuvuta uloto kwa sindano kutoka katika mfupa wa nyonga, upande wa nyuma. Hubaki na maumivu ya siku kadhaa, na uloto uliotolewa hujijaza tena katika muda wa wiki chache.

Ya pili ndiyo inayotumika zaidi kwa wagonjwa watu wazima. Mchangiaji hudungwa sindano kwa siku nne au tano, zinazozifanya chembe mama zitoke katika mifupa na kuingia kwenye damu. Baada ya hapo hukaa kwa saa kadhaa huku damu yake ikitoka mkono mmoja, ikipita katika mashine inayochuja chembe hizo, na kurudi mwilini kwa mkono wa pili. Maumivu ya mifupa na kichwa katika siku za sindano ni ya kawaida.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2012 ulilinganisha njia hizo mbili kwa wagonjwa waliopokea kutoka kwa watu baki, na haukuona tofauti katika idadi ya waliosalimika. Hata hivyo, waliopewa chembe za kutoka kwenye damu walipata zaidi tatizo sugu la kushambuliwa na pandikizi, asilimia 53 dhidi ya 41. Kwa upande mwingine, pandikizi lilishindwa kushika kwa asilimia 3 yao tu, dhidi ya asilimia 9 ya waliopewa uloto wenyewe.

Chembe hizo husafirishwa ndani ya kisanduku chenye ubaridi hadi hospitali alipo mgonjwa, hata kama ni ng'ambo ya bahari. Tofauti na wengi wanavyodhani, mgonjwa hafanyiwi upasuaji. Hutundikiwa mfuko kama wa damu, na chembe hizo hujitafutia zenyewe njia hadi ndani ya mifupa yake. Huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya kuanza kutengeneza damu mpya.

Takwimu zinasema nini

Mwaka 2011, watafiti wakiongozwa na kituo cha Seattle walichapisha matokeo ya wagonjwa 372 wenye umri wa miaka 60 hadi 75, waliokuwa na saratani mbalimbali za damu na waliopandikizwa kwa maandalizi mepesi kati ya mwaka 1998 na 2008. Baada ya miaka mitano, asilimia 35 walikuwa hai. Saratani ilirejea kwa asilimia 41, na asilimia 27 walifariki dunia kwa sababu nyingine zisizo kurejea kwa ugonjwa.

Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti mwingine wa Marekani uliowahusu wagonjwa 114 wa lukemia ya myeloidi, wenye miaka 60 hadi 74, ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulizwa kwanza kwa dawa. Zaidi kidogo ya nusu walipandikizwa kutoka kwa watu baki. Baada ya miaka miwili, asilimia 48 walikuwa hai, na matokeo ya waliopokea kutoka kwa watu baki hayakuwa duni kuliko ya waliopokea kutoka kwa ndugu.

Uthibitisho mwingine ulipatikana mwaka 2021, kuhusu ugonjwa wa uloto unaoitwa mayelodisplasia, ambao mara nyingi huishia kuwa lukemia. Wagonjwa 384 wenye miaka 50 hadi 75 walifuatiliwa kwa makundi mawili: waliopata mchangiaji anayelingana nao na waliomkosa. Baada ya miaka mitatu, asilimia 47.9 ya kundi la kwanza walikuwa hai, dhidi ya asilimia 26.6 ya kundi la pili.

Lakini si kila utafiti umeleta habari njema. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2022 uliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa wa lukemia ya myeloidi wenye miaka 60 hadi 75: wengine wapandikizwe, wengine waendelee na dawa. Waliopandikizwa waliishi muda mrefu zaidi bila ugonjwa kurejea. Hata hivyo, katika urefu wa maisha kwa jumla makundi hayo mawili hayakutofautiana, kwani faida ya kuizuia saratani ilimezwa na madhara ya tiba yenyewe, na baadhi ya waliokuwa wakitumia dawa walipandikizwa baadaye ugonjwa uliporejea.

Hivyo jibu la uaminifu kwa mgonjwa ni kwamba upandikizaji unaweza kumponya, lakini si ahadi.

Mgeni anapomgeukia mwenyeji

Hatari kubwa iko katika nguvu ile ile inayoponya. Kinga ya mchangiaji, inayoziona chembe za saratani kuwa adui, inaweza pia kuiona ngozi ya mgonjwa, ini lake au matumbo yake kuwa vya kigeni. Likitokea shambulio hilo katika wiki za mwanzo, mgonjwa hupata vipele, kuharisha sana na umanjano wa macho na ngozi. Likija baadaye na kuwa sugu, linaweza kukausha macho na kinywa, kukakamaza ngozi na kudhoofisha mapafu kwa miaka.

Ili kulizuia, mgonjwa hupewa dawa za kutuliza kinga, nazo humwacha wazi kwa maambukizi. Mafua ambayo kwa mtu mwingine ni ya siku tatu yanaweza kumlaza hospitali. Chanjo alizopata utotoni hupotea, na hulazimika kuchanjwa upya kama mtoto mchanga.

Katika eneo hilo maendeleo yameonekana. Madaktari wa Johns Hopkins mjini Baltimore waligundua kuwa dawa ya zamani ya saratani, saiklofosfamaidi, ikitolewa siku chache baada ya upandikizaji, huzipunguza zile chembe zinazomshambulia mwenyeji huku ikiziacha chembe mama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha wagonjwa 431 wa maandalizi mepesi, ulionyesha kuwa asilimia 52.7 ya waliotumia mchanganyiko wenye dawa hiyo walimaliza mwaka mmoja wakiwa hai, bila saratani kurejea na bila shambulio kubwa la pandikizi. Kwa waliotumia utaratibu wa awali, ilikuwa asilimia 34.9.

Aidha, dawa mpya za kumtayarisha mgonjwa zimepatikana. Mchanganyiko wa venetoklaksi na azasitidini, kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2020, ulituliza lukemia ya myeloidi kwa asilimia 66.4 ya wagonjwa ambao hawakuweza kuhimili dawa kali, dhidi ya asilimia 28.3 kwa azasitidini peke yake. Baadhi ya wazee ambao zamani wasingefika hata mlangoni pa upandikizaji sasa hufika.

Umri si kipimo pekee

Wataalamu siku hizi hawauangalii mwaka wa kuzaliwa peke yake. Mwaka 2005 daktari Mohamed Sorror wa Seattle na wenzake walitunga kipimo kinachojumlisha maradhi mengine aliyonayo mgonjwa, ya moyo, mapafu, ini, figo, kisukari na mengineyo, na kukadiria hatari ya kufa kutokana na tiba. Mzee wa miaka 70 mwenye mwili mzima anaweza kuwa salama kuliko wa miaka 58 mwenye maradhi matatu.

Mbali na hilo, vituo vingi humpima mgonjwa mwendo wake, kumbukumbu yake, na kama anaweza kufanya mwenyewe shughuli za nyumbani, kutunza fedha na kumeza dawa kwa wakati.

Familia nayo hupimwa. Kwa kawaida mgonjwa hutakiwa kukaa karibu na hospitali kwa takriban siku 100 za mwanzo akiwa na mtu wa kumwangalia usiku na mchana. Mara nyingi mwangalizi ni mke au mume ambaye naye ni mzee, au mtoto anayelazimika kuacha kazi. Mzee asiye na mtu wa kumwuguza anaweza kuikosa tiba hiyo hata kama mchangiaji amepatikana.

Lipo pia swali ambalo ni mgonjwa pekee anayeweza kulijibu: je, miaka iliyobaki anataka kuitumiaje? Kuna anayechagua kuhatarisha maisha ili apate nafasi ya kupona, na kuna anayechagua miezi michache ya utulivu nyumbani kwake. Uamuzi wowote kati ya hiyo haustahili kulaumiwa, mradi umefanywa kwa kujua.

Pengo la asili

Kuna kikwazo ambacho si cha umri bali cha nasaba. Alama za HLA hufuata asili ya mtu, na rejista za dunia zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kuwa Mzungu anayetafuta mtu baki anayelingana naye kikamilifu ana nafasi ya asilimia 75 ya kumpata. Kwa mtu mweusi mwenye asili ya Amerika Kusini au ya Kati, nafasi hiyo ilikuwa asilimia 16, na kwa Wamarekani weusi ilikaribia hapo.

Sababu ni mbili. Ya kwanza, watu weusi waliojiandikisha ni wachache. Ya pili, Afrika ndiko binadamu alikoishi kwa muda mrefu zaidi, hivyo vinasaba vya Waafrika vina aina nyingi kuliko vya watu wengine wote, na kumpata anayelingana nawe ni kazi ngumu zaidi. Hilo linamgusa Mtanzania au Mkenya anayeishi London au Minneapolis kama linavyomgusa Mmarekani mweusi.

Saiklofosfamaidi imeanza kuliziba pengo hilo pia. Kwa kuitumia, madaktari wanaweza kutumia mchangiaji anayelingana nusu tu, na kila mtoto wa kuzaa hulingana nusu na mzazi wake. Mzee mwenye watoto wazima wenye afya ana uwezekano mkubwa wa kuwa na mchangiaji chini ya paa lake. Utafiti wa mwaka 2021 uliowahusu wagonjwa 80 waliopewa uloto wa watu baki wasiolingana nao kikamilifu ulionyesha kuwa asilimia 76 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, na karibu nusu ya wagonjwa hao walitoka katika jamii za wachache.

Hali ya kwetu

Nchini Tanzania, upandikizaji wa uloto ulianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya mayeloma, wakitumia chembe zao wenyewe. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kuwapandikiza watoto wenye selimundu uloto wa ndugu zao. Hizo ni hatua kubwa, lakini upandikizaji kutoka kwa mtu baki unahitaji kitu kingine: rejista yenye maelfu kwa maelfu ya watu waliopimwa na walio tayari kuitwa. Afrika Kusini ilianzisha yake mwaka 1991.

Rejista haijengwi na madaktari peke yao. Hujengwa na vijana wenye afya wanaokubali kupimwa kwa ajili ya mgonjwa wasiyemjua na ambaye pengine hawatamwona. Bila wao, mzee wa Kiafrika mwenye saratani ya damu, popote alipo duniani, ataendelea kuwa wa mwisho katika foleni, hata kama mpaka wa umri umekwisha kuondolewa.